UZI: Dola za Uajemi wa kale. Fuata posho na ushuru, ndipo utaielewa dini yao

Karani wa Shushani:

Wakuu, salaam.

Naanzisha uzi huu kwa sababu ile "tafsiri" ya tangazo la Koreshi, mfalme wa Uajemi, imeanza tena kusambazwa, ile inayodai kwamba mfalme huyo alifuta utumwa na kumpa kila mtu uhuru wa kuabudu atakavyo. Maneno hayo hayamo kwenye kitu chenyewe. Kitu chenyewe ni silinda ya udongo yenye urefu wa sentimeta 22 hivi, iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879 na Hormuzd Rassam, na leo imehifadhiwa British Museum. Imeandikwa kwa Kibabeli. Inasema kwamba Nabonido, mfalme wa Babeli, alimkasirisha mungu Marduki. Marduki akatafuta mfalme mwadilifu, akamshika Koreshi mkono. Koreshi akaingia mjini bila vita, akawaondolea wenyeji kongwa lililowaelemea, akazirudisha sanamu za miungu kwenye mahekalu yao pamoja na watu wa miji hiyo, kisha akatengeneza ukuta. Wayahudi hawatajwi. Yerusalemu haitajwi. Kufutwa kwa utumwa hakumo. Na lile neno la "bila vita" lisomwe sambamba na kumbukumbu za matukio za Wababeli wenyewe, zinazosema kwamba Oktoba 539 KK, kabla mji haujaingiwa, palipiganwa Opisi kando ya mto Hidekeli na watu wakauawa.

Hilo halimpunguzii Koreshi ukubwa. Aliwashinda Wamedi mwaka 550 KK, miaka michache baadaye akaichukua Lidia ya mfalme Croesus, kisha Babeli, akafa 530 KK. Mwanawe Cambyses akaitwaa Misri 525 KK. Ila ni kosa kumsoma mfalme wa karne ya 6 KK kama mwanasheria wa haki za binadamu. Alichofanya ni kila mahali kuzungumza kwa jina la mungu wa mahali hapo: Babeli kwa jina la Marduki, na kwa Wayahudi, kama Ezra 1 inavyosimulia, kwa jina la Mungu wa mbinguni.

Dola zenyewe ni tatu, na watu huzichanganya sana. Ya kwanza ni ya Waakemeni, 550 hadi 330 KK, iliyoangushwa na Aleksanda. Baada ya warithi wa Aleksanda wakaja Waparthi, kuanzia 247 KK hivi hadi 224 BK. Kisha Wasasani, 224 hadi 651 BK. Ukiona mtu anasema "Waajemi waliamini hivi", muulize kwanza: Waajemi wa karne gani?

Sasa nije kwenye kiini. Aliyeijenga dola ya kwanza kama mashine ya utawala ni Dario wa Kwanza. Alishika kiti Septemba 522 KK baada ya kumuua mtu ambaye yeye alimwita Gaumata, na akadai kwamba Gaumata alijifanya Bardiya, mwana wa Koreshi. Dola nzima ikawaka moto. Dario mwenyewe anahesabu vita 19 na wafalme 9 waliokamatwa katika mwaka mmoja. Habari hiyo aliichonga kwenye mwamba wa Behistun, kando ya njia itokayo Babeli kwenda Ekbatana, kwa lugha tatu: Kielamu, Kibabeli na Kiajemi cha kale. Imechongwa juu mno kwenye jabali, msafiri wa chini asingeweza kusoma hata mstari mmoja. Ndiyo maana nakala zilipelekwa majimboni: vipande vya nakala ya Kibabeli vimepatikana Babeli kwenyewe, na nakala ya Kiaramu imepatikana kwenye mafunjo Elefantine, kusini mwa Misri. Jabali lilikuwa la kutazamwa, nakala ndizo zilizokuwa za kusomwa.

Tukitaka kuona kazi ya kila siku tuingie ghalani. Mwaka 1933 na 1934, ndani ya ngome ya Persepolis, makao ya Dario, yalipatikana maelfu ya mabamba ya udongo ya miaka 509 hadi 493 KK, mengi yakiwa kwa Kielamu. Richard Hallock alichapisha 2,087 kati yake mwaka 1969. Ni hesabu za posho. Bamba lenyewe ni dogo, linaenea kiganjani: karani alifinyanga udongo kuzunguka uzi wenye fundo, ncha za uzi zikatokea kwenye pembe mbili za upande mmoja, akaandika ungali mbichi, kisha mihuri ikagandamizwa. Muhuri wa aliyetoa na muhuri wa aliyepokea. Kukiwa na mmoja tu, mara nyingi ni wa ofisi yenye mamlaka ya kutoa peke yake.

Kipimo chao cha nafaka kiliitwa *qa*, kinakaribia lita moja. Kwa anayejua vipimo vya kwetu, fikiria kibaba. Mfanyakazi mwanamume alipata kwa kawaida qa 30 za shayiri kwa mwezi, yaani kibaba kimoja kwa siku. Wanawake walioongoza vikundi vya kazi walipata 50, kumshinda mwanamume wa kawaida. Mama aliyejifungua alipewa posho ya ziada, na aliyezaa mtoto wa kiume alipewa mara mbili ya aliyezaa wa kike. Juu kabisa alikuwa Parnaka, msimamizi mkuu wa mfumo wote: kwa siku moja alitoa ghalani kondoo 2, qa 90 za divai na qa 180 za unga. Bila shaka hakula peke yake, hiyo ni posho ya nyumba nzima na watumishi wake.

Angalieni bamba moja la mwaka wa 23 wa Dario. Mtu aitwaye Abbatema anatoka India kwenda kwa mfalme katika mji wa Shushani, na ana hati ya mfalme yenye muhuri. Kituoni anapokea qa 110 za unga kwa siku: 70 zake, na wenzake 20 wanapata 2 kila mmoja. Pigeni hesabu: 70 na 40. Karani wa kituo hakuwa na haja ya kumjua Abbatema. Alitazama hati, akahesabu vichwa, akatoa unga, akabaki na bamba la kupeleka makao makuu.

---

Mchanga Mkavu:

Mkuu Karani, umefungua vizuri. Naongezea upande wa udhibiti, maana posho bila udhibiti ni wizi tu.

Kuna barua ya Kiaramu iliyoandikwa kwenye ngozi na Arshama, liwali wa Misri katika karne ya 5 KK, kwa mawakili wa mashamba njiani. Anaagiza wampe posho msimamizi wake Nehtihor anayekwenda Misri: kiasi cha unga kwa siku, divai au bia, kondoo mmoja, posho ya watumishi 10, na majani ya farasi. Halafu anaweka sharti: wakikaa mahali pamoja zaidi ya siku moja, wasipewe posho ya ziada. Sentensi hiyo moja inakuonyesha tatizo lilikuwa wapi. Msafiri alikuwa na faida ya kuchelewa, maana kila siku anayolala kituoni analishwa na serikali.

Na muhuri ukipotea? Juni mwaka 500 KK huyo huyo Parnaka alilazimika kutangaza kwa maandishi: muhuri uliokuwa wangu zamani umebadilishwa, sasa muhuri ulio kwenye bamba hili ndio wangu. Tangazo hilo lipo kwenye mabamba mawili. Asingefanya hivyo, yeyote aliyeuokota ule wa zamani angeweza kufungua maghala kwa jina lake.

Hasara kubwa kwetu sisi wasomaji ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya dola iliandikwa kwa Kiaramu kwenye ngozi na mafunjo, na hivyo vimeoza karibu vyote isipokuwa Misri penye ukavu. Udongo umebaki. Kwa hiyo tunaijua Persepolis kwa kina kuliko majimbo mengi makubwa na tajiri.

---

Mwana wa Zuberi:

Wakuu naomba kuuliza. Je, Koreshi na Dario walikuwa Majusi? Na hili neno "majusi" ni lile lile la Injili ya Mathayo na la Qur'ani?

---

Karani wa Shushani:

Ndugu Mwana wa Zuberi, nianze na neno. Ndiyo, ni lile lile. Kwenye Behistun, Dario anamwita Gaumata *magush*, yaani mmoja wa ukoo wa makuhani wa Kimedi. Wagiriki wakalifanya *magos*, na huko ndiko walikotoka "mamajusi wa mashariki" wa Mathayo 2. Waarabu wakasema *majus*, nalo limo katika Sura Al-Hajj aya ya 17, likiwataja wafuasi wa dini hiyo wote. Kwa hiyo neno lilianza na makuhani, likaishia kwa waumini wote.

Kuhusu Koreshi, katika maandishi yake yote yaliyobaki Ahuramazda, mungu mkuu wa dini hiyo, hatajwi. Dario ndiye anayemtaja karibu kila hatua: "kwa msaada wa Ahuramazda mimi ni mfalme". Na Zarathustra mwenyewe, nabii wa dini hiyo, hatajwi katika maandishi yoyote ya wafalme Waakemeni. Hata kaburi linatupa cha kufikiri: Koreshi alilazwa ndani ya kaburi la mawe Pasargadae, na Dario ndani ya jabali Naqsh-e Rostam, wakati desturi ya makuhani ilikuwa kuacha maiti ndege waile kwanza. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, aliliona hilo. Anasema mamajusi waliacha maiti iraruliwe, na Waajemi waliipaka nta kabla ya kuizika.

Sasa rudini ghalani. Mabamba ya Persepolis yana pia posho za sadaka: divai, shayiri, kondoo kwa makuhani. Anayepewa mara nyingi kuliko Ahuramazda ni Humban, mungu wa Waelamu. Hapo hapo penye makao ya Dario, kwa mali ya mfalme, mungu wa wenyeji wa zamani analishwa kuliko mungu anayetajwa kwenye jabali. Sadaka nyingine ni za milima na mito. Kwa maoni yangu hii ni shahidi mwenye nguvu kuliko hotuba yoyote ya kifalme: dini rasmi ya mfalme ilikuwa moja, lakini hazina ililipia nyingi.

Msiruke kwenda upande wa pili mkasema basi walivumilia kila kitu. Ahasuero, mwana wa Dario, ana maandishi anayosema kwamba palikuwa na mahali walipoabudiwa *daiva*, miungu ya uongo, naye akapabomoa na kumwabudu Ahuramazda pale pale. Hasemi ni wapi. Baadaye Artashasta wa Pili (404–359 KK) anawataja miungu Mithra na Anahita pamoja na Ahuramazda. Ndani ya nasaba moja dini ya kifalme ilibadilika.

---

Bi Nairuzi:

Naomba kuongeza mfano wa Elefantine, maana unaonyesha jinsi uamuzi wa dini ulivyofanyika ofisini.

Elefantine palikuwa na kikosi cha askari Wayahudi waliolitumikia jeshi la Uajemi, nao walikuwa na hekalu lao. Mwaka 410 KK makuhani wa mungu Khnum, aliyechorwa na kichwa cha kondoo dume, walishirikiana na ofisa wa Kiajemi aitwaye Vidranga, hekalu likabomolewa. Mwaka 407 Wayahudi wakamwandikia Bagohi, liwali wa Yuda, wakaeleza kwamba wanavaa magunia na kufunga, na wakaomba ruhusa ya kujenga upya. Kilichobaki cha jibu ni kumbukumbu fupi sana: wajenge mahali pake pa zamani, watoe sadaka ya unga na ubani kama awali. Sadaka ya kuteketeza wanyama haimo. Waombaji wenyewe waliandika kwamba kondoo, ng'ombe na mbuzi hawatachinjwa humo tena. Kwa jirani anayemwabudu mungu mwenye kichwa cha kondoo, suluhu hiyo inaeleweka kabisa.

Na kwa wasomaji wa Ezra: sura ya 6 inasema hati ya Koreshi ilipatikana Akmetha, yaani Ekbatana, na ina vipimo: dhiraa 60 kwenda juu, dhiraa 60 upana, safu tatu za mawe makubwa na safu moja ya miti, gharama zitoke katika nyumba ya mfalme. Sura ya 7 inawasamehe makuhani kodi na ushuru. Hiyo ndiyo lugha ya ofisi za Uajemi: kipimo, gharama, msamaha wa kodi.

---

Mchanga Mkavu:

Dada Bi Nairuzi, hapo kwenye kodi umenigusa. Tuwaguse na Wasasani, maana kwao dini na hazina vilifungwa pamoja zaidi.

Waparthi nitawapita haraka. Waliachia wafalme wadogo na koo kubwa mamlaka mengi. Jeshi lao la farasi lilikuwa la kutisha: huko Carrhae 53 KK, Surena aliwamaliza Warumi wa Crassus kwa wapiga mishale wa farasi waliofuatwa na ngamia wengi waliobeba mishale ya akiba. Warumi walisubiri mishale iishe. Haikuisha.

Ardashiri, wa ukoo wa Istakhri karibu na Persepolis, alimuua mfalme wa mwisho wa Waparthi mwaka 224. Mwanawe Shapuri wa Kwanza alimkamata Kaisari Valerian mwaka 260. Chini yao akapanda kuhani Kartiri, aliyejichongea maandishi yake mwenyewe Naqsh-e Rostam. Anajisifu kwamba alianzisha mioto mitakatifu mingi, na kwamba Wayahudi, Wabudha, Wahindu, Wakristo na Wamani (wafuasi wa nabii Mani) walipigwa ndani ya dola. Mani mwenyewe, aliyekuwa amepokelewa vizuri na Shapuri, alifia gerezani wakati wa Bahramu wa Kwanza.

Lakini angalieni hazina tena. Shapuri wa Pili, akiwa vitani na Roma ambayo sasa ni ya Kikristo, alidai kodi mara mbili kutoka kwa Wakristo wake. Askofu Simeoni alikataa kuikusanya, na mateso yakaanza. Mwaka 410, chini ya Yazdegerdi wa Kwanza, maaskofu wa Kanisa hilo hilo wanakutana katika mji mkuu kwa kibali cha mfalme. Vita vikipoa, Mkristo anarudi kuwa raia.

Kodi ya mazao kabla ya karne ya 6 ilikuwa fungu la mavuno: theluthi, robo, hadi sudusi, kufuatana na maji. Kasoro yake: mkulima hakuruhusiwa kugusa mavuno kabla mkadiriaji hajafika, na akichelewa matunda yanaozea mtini. Mfalme Kavadi alianza kupima ardhi, na mwanawe Khosro wa Kwanza (531–579) akakamilisha. Kwa maelezo ya mwanahistoria Mwislamu Tabari, jaribu moja (kipimo cha eneo la shamba) la ngano au shayiri lililipiwa dirhamu 1, mizabibu 8, majani ya mifugo ya alfalfa 7. Mitende bora minne dirhamu 1, ya kawaida sita dirhamu 1, mizeituni sita dirhamu 1. Kodi ya kichwa ilikuwa dirhamu 12, 8, 6 au 4 kulingana na uwezo, kwa wanaume wa miaka 20 hadi 50. Walisamehewa wakuu wa koo, askari, makuhani na makarani. Nakala moja ya viwango ilibaki ofisi ya mfalme, nyingine kwa mkusanyaji, nyingine kwa kadhi wa wilaya ili amzuie mkusanyaji kuzidisha.

---

Mwana wa Zuberi:

Asanteni sana. Na hilo la maji? Nchi kavu vile iliwezaje kulipa kodi ya mizabibu?

---

Karani wa Shushani:

Kwa mfereji wa chini ya ardhi. Waajemi wanauita *kanati* au *kahrizi*. Ndugu zetu wa Oman wanaujua kama falaji.

Kwanza unatafuta maji chini ya mlima kwa kuchimba kisima mama. Ukiyapata unarudi chini bondeni, unapima mahali ambapo mfereji utatokea juu ya ardhi, na uchimbaji unaanzia huko chini kupanda kuelekea mlimani, ili maji yanayovuja yatiririke nyuma ya mchimbaji kwenda nje, asizame. Kila baada ya mita 20 hadi 50 hivi unashusha kisima cha wima cha kutolea udongo na kuingiza hewa. Udongo unarundikwa duara kuzunguka mdomo wa kisima, kuzuia mafuriko yasimwagikie ndani. Taa mbili zikiwekwa nyuma ya mchimbaji katika mstari mmoja, humwonyesha kama anakwenda sawa. Taa ikififia, hewa imeisha, atoke.

Kazi ngumu ni mteremko. Kwenye mifereji mirefu ni kama mita moja kwa kila mita 1,000 au zaidi. Ukizidi, maji yanakula sakafu na paa linaporomoka. Ukipungua, tope linatuama. Penye udongo legevu huwekwa pete za udongo wa kuchomwa. Kanati ya Gonabad ina urefu wa kilomita 33 hivi.

Mwanahistoria Mgiriki Polybius anasema Waajemi waliwapa waliofikisha maji mahali pakavu haki ya kulima ardhi hiyo kwa vizazi vitano. Anaeleza hayo akisimulia vita vya Antioko wa Tatu, mmoja wa wafalme warithi wa Aleksanda, pale mfalme wa Waparthi alipotuma watu kuharibu visima ili jeshi la Antioko life kiu.

---

Bi Nairuzi:

Na moto je? Wengi huandika "waabudu moto", jambo ambalo Wazaradushti, yaani wafuasi wa Zarathustra, wenyewe hulikataa: wanaswali wakiuelekea moto kama kibla.

Madaraja yake ni matatu. Wa chini, *Dadgah*, ni wa kawaida. *Adaran* hukusanywa kutoka majiko ya tabaka nne za watu. Wa juu ni *Atash Bahram*, na kwa utaratibu wa Waparsi (Wazaradushti wa India) unahitaji mioto 16 ya asili tofauti: wa mfinyanzi, wa mhunzi, wa sonara, wa radi, hata uliochoma maiti. Kila mmoja unatakaswa: kijiko chenye matundu kikiwa na vipande vya msandali hushikwa juu ya mwali bila kuugusa, mpaka msandali uwake kwa joto tu. Huo mpya unawashia mwingine vile vile, tena na tena; kwa moto wa maiti, mara 91. Kazi nzima huchukua karibu mwaka. Kuhani hufunika kinywa kwa kitambaa ili pumzi isiuchafue.

Wasasani walikuwa na mioto mikuu mitatu: Farnbagi wa makuhani, Gushnaspi wa askari, uliokuwa Takht-e Soleyman, na Burzen-Mihri wa wakulima.

Na kwa ndugu watakaouliza kuhusu Nairuzi ya Makunduchi, ile sikukuu ya mwaka mpya: kalenda ya Wasasani ilikuwa miezi 12 ya siku 30 na siku 5 za nyongeza, bila siku ya mwaka mrefu, ndiyo maana inarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Mwaka wetu wa Nairuzi nao una siku 365 na huhesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Jina na hesabu vilikuja na mabaharia wa Bahari ya Hindi. Hakuna mfalme wa Waakemeni wala wa Wasasani aliyetawala Unguja, na habari za Washirazi ni za zama za Kiislamu.

---

Mwana wa Zuberi:

La mwisho: dola yenye mpango kama huo ilianguka vipi haraka hivyo?

---

Mchanga Mkavu:

Vita vya 602 hadi 628 na Roma. Wasasani waliitwaa Yerusalemu 614, na kushindwa huko kwa Warumi ndiko Sura Ar-Rum inakoanza nako. Kisha Heraclius, Kaisari wa Roma, akageuza vita, Khosro wa Pili akauawa 628, tauni ikamchukua mwanawe aliyemrithi, na kwa miaka minne viti vikapokezanwa na watawala wengi, wakiwemo malkia wawili, Borani na Azarmidokhti. Yazdegerdi wa Tatu alitawazwa 632 akiwa kijana mdogo. Baada ya kushindwa na majeshi ya Waarabu Waislamu huko Qadisiyya na kisha Nahavandi 642 alikimbia mashariki, akauawa karibu na Merv mwaka 651.

Hazina haikuanguka siku hiyo. Magavana Waarabu waliendelea kupiga dirhamu za gramu 4 hivi zenye picha ya mfalme Msasani, na nyuma yake madhabahu ya moto na walinzi wawili. Walichoongeza ni "bismillah" kwa Kiarabu, kando kwenye ukingo. Daftari za kodi za Iraki ziliendelea kuandikwa Kiajemi hadi wakati wa gavana Hajjaji, karibu mwaka 697, ndipo zikageuzwa Kiarabu. Mwaka huo huo, au karibu yake, khalifa Abdulmaliki alianza kutoa sarafu zisizo na picha, na madhabahu ya moto yakatoka kwenye fedha.